Chupa ya maji Karthala

Sisi wa Isaka, Tanzania, tumezoea tambarare: reli, malori ya Rwanda na Kongo, vumbi. Ndiyo maana tulipopanda Karthala kisiwani Ngazidja, Komoro, marafiki wanne, miguu ilitutetemeka mapema. Mlima huo una mita 2,361, ni volkano hai, na mara ya mwisho ulilipuka Januari 2007.

Majivu meusi yaliingia viatuni yakatuchubua visigino. Mwenzetu mmoja aliishiwa maji kabla ya kilele. Tukapitisha chupa moja, kila mtu funda moja, naye mawili.

Ngazidja haina mto wa kudumu. Mvua hunywewa na miamba. Wengi hukinga maji ya paa na kuyahifadhi matangini. Mlipuko wa Novemba 2005 ulimwaga majivu ndani ya matangi hayo, na watu wengi mno wakakosa maji ya kunywa.

Tuliposhuka, bibi mmoja aliyewahi kuishi Zanzibar alifunua tangi lake, lenye mfuniko mzito, akatujazia chupa zote. “Haya, wajukuu zangu, kunyweni.” Kwetu tunajua thamani ya ndoo moja wakati wa kiangazi. Niliipokea ile chupa kwa mikono miwili.