Mkono Uondoke Lini?

Msafiri afikaye Matema kwa mara ya kwanza husimama kidogo kabla ya kutafuta mahali pa kulala. Mbele yake yametanda maji ya Ziwa Nyasa, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeshuka wima mpaka ziwani. Hapo ndipo kijana mmoja wa Kyela alipokaa, miaka michache iliyopita, akingoja mtumbwi. Akatoa kalamu ya risasi na kipande cha karatasi, akachora alichokiona. Alichora mstari mmoja wa mlima, mstari mmoja wa ukingo wa maji, na mtumbwi mdogo wenye mtu mmoja aliyeinama. Sehemu kubwa ya karatasi aliiacha nyeupe, na weupe ule ndio uliokuwa maji.

Alituletea mchoro ule tuutazame. Twakiri kwamba tuliupenda, na twakiri pia kwamba hatukuridhika. Tulimwambia: "Kijana wetu, kazi ni njema, lakini mbona milima haina miti? Mbona uso wa mvuvi hauonekani? Na maji, je, hayana mawimbi?" Naye, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akajibu, "Nimesikia, wazee wangu," akaenda zake. Baada ya majuma mawili akarudi. Miti ilikuwapo, mawimbi yalikuwapo, na nyumba na migomba. Lile wingu la kungu liinukalo ziwani mfano wa moshi nalo lilikuwapo. Hata mvuvi alikuwa amepata macho na masharubu. Hapakuwa na uongo katika hayo, maana vyote vipo Matema. Lakini ziwa lilikuwa limetoweka. Raba haikuweza kulirudisha, kwa kuwa karatasi ilikuwa imekwisha kuchubuka.

Tangu siku ile tumejiuliza swali ambalo twataka kuwauliza wasomaji wetu pia: mtu atendaye kazi njema atajuaje saa ya kuondoa mkono?

Swali hili si geni. Plinius, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, asimulia habari za Apelles, mchoraji wa Wayunani aliyemchora Aleksanda Mkuu. Huyo Apelles aliistaajabia kazi ya mwenzake Protogenes, iliyofanywa kwa jasho na uangalifu mwingi kupita kiasi. Alikubali kwamba katika mambo yote mwenzake alikuwa sawa naye, au hata alimshinda. Ila katika jambo moja Apelles alijiona amemtangulia, nalo ni kujua kuuondoa mkono juu ya picha. Tena Apelles hakuwa mvivu. Plinius huyo huyo asema kwamba hakuiacha siku ipite pasipo kuchora walau mstari mmoja.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uyunani kutafuta mwalimu. Vyungu vya Wakisi hufinyangwa na wanawake wa Ikombe, chini ya milima ile ile, huletwa kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo siku ya Jumamosi, na toka hapo huenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Kila mfinyanzi ajua kwamba udongo una saa yake. Ukiwa mbichi mno, chombo huporomoka mkononi. Ukikauka mno, kila mguso huleta ufa. Kati ya saa hizo mbili upo muda mfupi wa kulainisha na kutia nakshi, na mwanamke asiyeweza kuacha huupoteza muda huo pamoja na chungu chake. Tulipata kumwuliza mama mmoja sokoni: "Mama, mbona chungu hiki umekipamba juu tu, na chini hukukigusa?" Akatutazama kwa huruma, akajibu: "Huko chini hukaa juu ya mafiga, mwanangu. Nakshi ya kufunikwa na masizi nimtilie nani?"

Katika jibu lile twaona kanuni. Mama yule hakuacha kupamba kwa sababu ya kuchoka, wala kwa sababu nakshi ni kitu kibaya. Aliacha kwa kuwa alimjua atakayekitumia chombo, na mahali kitakapokaa. Kipimo chake hakikuwa wingi wa ustadi wake, bali haja ya mtu mwingine.

Basi, kwa nini sisi wengine hatuachi? Mara nyingi ni kwa hofu. Twahofu kwamba atakayetazama hataelewa, nasi twamfafanulia hata yale ambayo macho yake mwenyewe yangemweleza. Mara nyingine ni kwa kiburi: tumejifunza kuchora majani, na hatupendi mtu aondoke asijue kwamba twaweza. Watu wa kale walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Na kazi iliyorundikwa mapambo, mara nyingi, ni kazi iliyokwisha kuanza kujitembeza. Lakini sababu iliyo ngumu kuliko hizo ni upendo. Aipendaye kazi yake hapendi kuachana nayo, na kila anachoongeza ni njia ya kukaa nayo siku moja zaidi. Huyo hatumlaumu kama tunavyomlaumu mwenye kiburi, ijapokuwa karatasi yake huharibika vile vile.

Hapa msomaji mwenye busara atatupinga. Atasema: "Ninyi mwawafundisha vijana uvivu. Wengi huacha kazi nusu, kisha huuita uzembe wao kiasi." Neno hilo ni la kweli, na mfano wake tunao hapa hapa kwetu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mjini Berlin mkataba wa kugawana nchi. Mpaka waliouandika waliupitisha ukingoni mwa ziwa, mashariki, kaskazini na magharibi, mpaka mlango wa Mto Songwe, kisha ukapanda na mto huo. Ulikuwa mchoro mwepesi kweli kweli. Lakini katika maji yale yaliyoachwa upande mmoja walikuwamo watu watupao nyavu kila usiku, nao hawakuonekana katika mstari ule. Malawi yasema mpaka ni ufuko. Tanzania, tangu mwaka 1967, imeshika kwamba mpaka ni katikati ya maji. Na shauri hilo halijaisha. Kumwacha mtu nje ya mchoro kwa sababu hatukujisumbua kumtazama si kiasi, bali ni dhuluma.

Hata hivyo mkataba ule ule watufundisha na upande wa pili. Songwe hubadili njia yake mafuriko yajapo, na kona iliyokuwako mwaka huu huenda isiwepo mwaka ujao. Mtu ambaye angeichora kila kona kwa makini ya ajabu asingepata ukweli zaidi. Angepata karatasi ambayo masika ya kwanza yangeifanya kuwa ya uongo. Wingi wa mambo, basi, haukuwa dawa ya kosa la 1890. Dawa ingalikuwa kumwona mvuvi. Mstari mmoja uliowekwa kwa kumfikiri yeye ungalifaa kuliko kona mia.

Kwa hiyo twathubutu kusema hivi. Kabla ya kuongeza kitu, mtu na ajiulize: Je, hiki nakiongeza kwa ajili ya yule atakayetazama, au kwa ajili yangu? Kikiwa kwa ajili yake, na kiongezwe, hata kama kazi itachukua mwaka mzima. Kikiwa kwa ajili ya kutuliza hofu yangu au kuonyesha ufundi wangu, saa ya kuondoa mkono imekwisha kupita.

Nasi hatusemi habari za kalamu ya risasi tu. Baba amwonya mwanawe aliyekosa. Neno la kwanza limeingia, mtoto ameinamisha kichwa. Angenyamaza hapo, kazi ingekuwa imekwisha. Lakini aongeza kosa la mwaka jana, aongeza mfano wa mtoto wa jirani, aongeza na laana ya njaa itakayompata. Na jioni mtoto halikumbuki kosa lake tena, akumbuka uchungu tu. Shahidi barazani amesema aliyoyaona, na aliyoyaona yatosha. Lakini kwa kuogopa kutosadikiwa aongeza rangi ya shati na saa ya mbalamwezi, mambo ambayo hakuyaangalia, na hapo ameuvuka mpaka wa kweli bila kukusudia. Ndugu wawili wamepatanishwa, wamepeana mikono, na mmoja asema, "Lakini na tukumbushane kwanza nani aliyeanza." Ni nani asiyepata kuona siku njema ikiharibika namna hiyo?

Kwa upande wetu, tulimwita yule kijana tukamwomba radhi, maana kosa lilianza kwetu kabla ya kufika mkononi mwake. Tulimwomba pia mchoro wa kwanza. Alicheka, akatukumbusha kwamba ni karatasi ile ile. Hakuwa na nyingine. Siku hizi akituletea kazi twamwuliza neno moja tu: "Wewe mwenyewe waonaje, imekwisha?" Akijibu kwamba imekwisha, twaipokea kama ilivyo. Akisita, twamrudishia karatasi yake, naye huenda kukaa nayo peke yake.