Somo wa Kimbunga

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia Mafia, mjukuu wangu aliye somo wake alirudi kutoka shule akilia. Wenzake walikuwa wakimkimbia uwanjani huku wakipiga kelele, "Huyoo, anakuja!" Jina hilo, lenye maana ya zawadi, wazazi wake walimpa kwa kuwa walimngoja miaka saba. Akaniuliza, "Babu, kwani mimi nimekosa nini?"

Nilimjibu kimwalimu. Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, nchi za eneo hili hutayarisha orodha ya majina mapema. Dhoruba ikifikia upepo wa kilomita 63 kwa saa hupewa jina linalofuata: magharibi ya longitudo 55 hupewa na Madagaska, mashariki yake na Morisi. Ikifikia 118 ndipo huitwa kimbunga hasa. Hakuna aliyemkusudia yeye. Akanyamaza, ila niliona wazi kwamba sikumjibu.

Faida ya jina siikatai. Mvuvi anayesikiliza redio hawezi kushika tarakimu za latitudo, lakini jina hulishika mara moja. Tufani iliyoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 na kung'oa mikarafuu haikuwa na jina, na leo ni wachache wanaoikumbuka.

Lakini kwa nini jina la mtu? Wamarekani, tangu mwaka 1953, walizipa tufani zao majina ya wanawake peke yake. Wanawake wakalalamika, na mwaka 1979 majina ya wanaume yakaingizwa katika orodha ya Atlantiki. Walikuwa na haki kulalamika. Redio ikirudia siku nzima kwamba fulani ameua, fulani amebomoa, jina hilo halibaki kama lilivyokuwa.

Tena liko linalonisumbua zaidi. Mwezi Machi 2019 Idai ilipiga Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Jina la upepo ule nalijua. Mimi niliyeita majina ya wanafunzi kila asubuhi kwa miaka mingi, siwezi kutaja hata mmoja wa waliokufa. Sijui kama hilo ni kosa la orodha au ni langu.

Jumatatu jioni nilimuuliza mjukuu wangu mambo yalikwendaje. Akasema mwalimu alipoita jina lake darasa zima lilicheka.

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikaitika, Babu. Kwa nguvu."