Fungu la Mgeni

Jumamosi iliyopita nilinyamaza sokoni, na kunyamaza kule kumenifuata wiki nzima hadi kwenye meza hii ninapoandika.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mwalimu wa Kiingereza, binti aliyetoka Uingereza kuja kufundisha katika sekondari moja hapa Mtwara. Tulikuwa tumeongozana kwa sababu alitaka kuonyeshwa wanapouza ming'oko, ile mizizi yetu ya porini. Wanafunzi wake walikuwa wamemcheka: amekaa Kusini miezi mitano na ming'oko hajaionja! Kabla ya ming'oko akataka nyanya. Kijana aliyekuwa mbele yetu alichukua fungu kwa mia tano. Mwalimu akamwamkia mama muuzaji shikamoo, akauliza bei ya fungu kama lile lile, kwa Kiswahili chake cha taratibu. Akaambiwa buku. Akageuka kunitazama. Anajua kuhesabu mpaka milioni, lakini alifundishwa kusema elfu moja, na sokoni kwetu elfu moja haisemwi. Nikamwambia buku ni elfu. Akatoa elfu, akashukuru kwa mikono miwili, akapanga nyanya zake kwenye kikapu.

Mia tano niliisikia kwa masikio yangu. Mama muuzaji alijua nimesikia. Macho yetu yalipokutana yeye akainama kupanga mafungu, mimi nikageukia pweza waliokuwa meza ya pili. Nilimtafsiria mwalimu lile neno, nikamficha jambo lenyewe.

Njiani kurudi akanisimulia habari za China, alikofundisha miaka miwili kabla ya kuja kwetu. Alipofika huko hakuweza kusoma hata pakiti ya chumvi, na chumvi yake ya kwanza ilikuwa sukari. Sokoni wauzaji walimwandikia bei kwenye kikokotoo na kumgeuzia aione. Wengine walimwonyesha kwa vidole, na wenzetu wale huhesabu moja hadi kumi kwa mkono mmoja tu, hivyo sita yao huwezi kuikisia usipofundishwa. Kilichomsumbua zaidi ni mizani. Bei ya matunda ilitajwa kwa jin, nayo jin ni nusu kilo. Yeye alidhani ni kilo. Wiki za mwanzo aliondoka kila siku na uchungu moyoni, akijua ameibiwa, mpaka mwalimu mwenzake wa pale alipomwelewesha. Hakuna aliyekuwa amemwibia.

"Hapa ni rahisi, Padri," akaniambia. "Hapa watu wanaongea na mimi."

Kule alidhani anaibiwa, kumbe sivyo. Hapa ametozwa mara mbili ya bei mbele ya padri, naye anatushukuru. Nilimfikisha kwake nikiwa sina neno.

Usiku nikafungua Mambo ya Walawi sura ya 19. Mstari wa 33 na wa 34 nimeuhubiri mara nyingi, ule unaotuagiza mgeni anayekaa kwetu tusimwonee, tumhesabu kama mzaliwa, tumpende kama nafsi zetu, kwa kuwa hata Israeli walikuwa wageni Misri. Kila mara nilikuwa naishia hapo. Safari hii nikaendelea kusoma, na mstari wa 35 na wa 36 unaingia moja kwa moja kwenye mizani, mawe ya kupimia, efa na hini: vyote viwe vya haki. Miaka yote nimeyatenga mambo hayo mawili, la mgeni nikilipeleka kwenye mahubiri ya upendo, la mizani nikiwaachia Wakala wa Vipimo. Musa aliyaweka pamoja, mgeni kisha mizani, na sasa naona alijua watu wake. Nyumbani tunampokea mgeni kwa karibu nyingi, tunamtandikia mkeka, tunamchinjia kuku. Mtihani wetu uko mezani kwa muuza nyanya, pale ambapo mgeni hana njia ya kujua ila kwa mdomo wetu.

Ukanda wetu umejengwa na wageni wa namna hiyo zaidi ya tunavyokumbuka. Askofu Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864. Mwaka 1870 alikuwa ameshachapisha kitabu cha kuwafundishia wageni wenzake Kiswahili, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatembea kutoka pwani ya Lindi hadi Masasi, wakaanza kijiji cha Kikristo kule. Agano Jipya la Kiswahili walilolisoma wazee wetu wa kwanza lilipita mikononi mwake. Mtu hafiki hapo bila kukaa miaka akiuliza kila anayepita: hiki mnakiitaje? Kile je? Mara nyingi nimewafikiria watu wa Zanzibar, wake kwa waume, wengi wao majina yao hayajulikani, waliomjibu kwa uaminifu. Wangeweza kumdanganya. Kila tunapofungua Maandiko kwa lugha yetu tunakula matunda ya ukweli walioutoa bure kwa mgeni.

Najua mtakachoniambia, kwa maana nimeshaambiwa: Padri, mzungu ana hela, mia tano ni nini kwake? Wengi wa walimu hawa huja kwa kujitolea. VSO, shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1958 na ambalo limewahi kuleta watu wengi Mtwara na Lindi, huwapa posho ya kujikimu tu, kwa kiasi cha maisha ya hapa. Lakini sitaki kusimama kwenye hoja ya posho, maana hata angekuwa tajiri, Walawi haisemi mgeni maskini. Inasema mgeni.

Tena si kweli kwamba tunamtoza kwa sababu ya utajiri wake. Mwaka jana nilimwona mama wa ng'ambo, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji pale Kilambo, akinunua dagaa kwa kipimo cha kisado. Miguu yake ilikuwa na vumbi la safari, mtoto mgongoni. Kimakonde chake ni kile kile cha bibi yangu mzaa mama, lakini Kiswahili chake kimechanganyika na Kireno. Alipofungua kinywa tu, bei ikapanda. Sikuona mtu aliyedhani yule ana hela. Tulichosikia ni ulimi wa mgeni, basi. Na mpaka unaomfanya awe mgeni ulichorwa na Wajerumani na Wareno, wala si babu zetu. Kionga, kusini ya mdomo wa mto, ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja nasi mpaka Wareno walipoichukua mwaka 1916. Vita vya kudai uhuru vilipoanza Msumbiji mwaka 1964 na watu wakaanza kuvuka kuja kwetu, wazee wetu waligawana nao mihogo.

Kinachoniumiza ni kwamba sisi, kuliko watu wengi wa nchi hii, tunajua kipimo cha uongo kinavyouma. Niambieni ni nyumba gani ya mkulima wa korosho isiyoijua kangomba. Mwezi wa njaa, korosho bado ziko juu ya mkorosho, mtoto anaumwa, na mtu anakuja na bakuli lisilo na muhuri wa serikali. Anapima kwa bakuli lake, analipa anavyotaka, na msimu ukifika mzigo si wako tena. Tumeilaani kangomba, tumelia nayo kwenye mikutano, tumekaribisha mfumo wa stakabadhi ghalani tangu 2007 tukitumaini itatuokoa. Mwenye kangomba anafanya nini hasa? Anautumia udhaifu wa mwenzake, hali yake ya kutokuwa na pengine pa kwenda. Sasa mgeni asiyejua buku ana pengine gani pa kwenda? Ndugu zangu, bakuli lile lile tumelishika sisi. Mimi sikulishika, lakini nilisimama kando nikaangalia pweza.

Jumatano nilirudi sokoni peke yangu. Mama aliponiona akasema, "Shikamoo Padri. Najua ulichokuja kusema."

"Marahaba, mama. Nimekuja kusema la kwangu. Nilisikia, nikanyamaza. Ningekusemesha pale pale tungeyamaliza sisi watatu."

Akanivutia kigoda, nikakaa. Hakujitetea sana. Akanieleza kwamba msimu bado, hela haijaingia mjini, mafungu yanalala, na nyanya iliyolala siku mbili ni hasara. Ana wajukuu watatu darasani. Nilimsikiliza, maana hayo nayo ni mizani, na ninaowaona wakipunja mara nyingi ni waliopunjwa kwanza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Alinishukuru, Padri. Kwa mikono miwili. Nilikwenda nayo nyumbani ile asante, sikulala vizuri."

Kabla sijaondoka nikamsomea ile sura ya 19, na safari hii nikaanzia juu, mstari wa 9 na wa 10, ambapo mwenye shamba anaambiwa asivune mpaka pembeni, masazo ayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Akatikisa kichwa kwa kuafiki. "Hiyo si nyongeza?" akasema. Sikuwahi kuifikiria hivyo. Nyongeza ni ile nyanya ya ziada anayotupiwa mteja baada ya kulipa. Haiombwi na mtu baki, na haipewi mtu baki. Anayepewa anajua kwamba meza ile inamtambua. Kumbe Walawi ilishamtengea mgeni nyongeza yake pembeni mwa shamba.

Jana, Ijumaa, nikamrudisha mwalimu. Mama akamwita mwanangu, akamuuzia fungu kwa mia tano, na mia tano ya wiki iliyopita akamrudishia mkononi, akamweleza mwenyewe kwa nini. Mwalimu alisimama kidogo, uso umewiva, kisha akamshika mkono. Halafu mama akaongeza nyanya mbili juu. Mwalimu akazitoa kwenye kikapu na kuzirudisha mezani.

"Mama, hizi zimezidi."

"Hazijazidi. Hiyo nyongeza."

Akanigeukia aulize maana yake, na nilipofungua mdomo mama akanizuia kwa kiganja. "Mwache, Padri. Hili nitamfundisha mwenyewe." Akamsogeza karibu na mafungu, akaanza kumwonyesha lipi la mia tano, lipi la buku, lipi la buku jero, na mwalimu akirudia kila neno kwa sauti.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mama wa ng'ambo, mtoto mgongoni, noti mkononi, anasubiri kuambiwa bei.