Upole wa Frontosa

Katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kikubwa kabisa chakaribia mita 1,470, huishi samaki wa jamaa ya perege aitwaye frontosa. Ana nundu juu ya kipaji cha uso na milia myeusi mwilini, na urefu wake hufika sentimita 30 na zaidi. Mwendo wake ni wa taratibu, ugomvi wake ni haba, na jike hulea mayai kinywani mwake. Kwa sifa hizo watu wa Ulaya na Marekani humfuga sebuleni katika tangi la kioo, na humwita mpole.

Lakini mpole huyu akitiwa pamoja na samaki wadogo, usiku hauishi ila amewameza. Mwenye tangi huamka akamlaumu kwa unafiki. Je, lawama hiyo ni ya haki? Kilindini alikotoka, samaki wadogo ndio riziki yake. Lakini huko mdogo ana maji mapana ya kukimbilia. Tangini kila njia hukoma kwenye kioo. Aliyemweka mnyonge mbele ya kinywa kikubwa, kisha akaziba njia zote, si samaki.

Upole ni tabia ya kiumbe. Usalama ni wajibu wa mwenye kuta. Awafungiaye wengine pamoja hana ruhusa ya kuegemea tabia njema ya mwenye nguvu, akadhani amekwisha kuwatendea wanyonge haki. Nafasi aliyowanyima ni deni lake, na deni halilipwi kwa sifa.