Mwamini Mpya na Macho ya Watu

Mtu aaminipo dini mpya, jambo hilo huonekana kuwa ni la moyo wake na Mungu wake tu. Lakini mara abatizwapo hujikuta amezungukwa na macho. Jamaa zake humtazama waone kama yu mtoto wao bado. Wakristo wenzake humtazama waone kama kweli ameongoka. Na majirani, wasiojali sana imani yake wala mila yake, hungojea siku atakayojikwaa wapate kusema, "Kumbe mlokole naye hukasirika!" Kila mmoja amemkatia kanzu kwa kipimo chake, na kila mmoja ataka ivaliwe leo. Je, mwamini mpya ana wajibu gani mbele ya matarajio hayo?

Tusianze kwa kuyadharau. Hakuna mtu aliyejizaa wala aliyejilea. Wazazi wanaotarajia heshima na msaada kwa mtoto wao wanadai deni la haki. Kanisa linalotarajia kwamba mwamini ataacha wizi na uongo halimwonei. Injili zenyewe zasimulia jinsi Yesu alivyowakemea watu waliotumia sadaka ya Mungu kuwa kisingizio cha kutowatunza wazazi wao. Basi kijana asemaye, "Mimi namcha Mungu peke yake," kisha akamwacha mama yake mzee bila kuni wala maji, hakuifuata imani. Ameitumia kukimbia deni.

Shida huanza pale matarajio mawili yanapogongana. Mfano mkubwa twaupata katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1929. Katika mwaka huo misheni kadhaa, miongoni mwao ile ya Kanisa la Scotland, ziliwataka waumini wao waahidi hadharani kwamba wameacha tohara ya wasichana. Wengi walitia sahihi kwa alama ya kidole gumba, na ahadi hiyo ikajulikana kwa jina la kirore. Aliyekataa alitengwa na kanisa, na mwalimu aliyekataa alipoteza kazi. Kwa upande wa pili, aliyekubali alihesabiwa na watu wake kuwa ameuza kabila. Wimbo wa dhihaka ulioitwa Muthirigu ulienea upesi hata serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Maelfu waliziacha misheni, na katika miaka iliyofuata shule za kujitegemea zikaenea.

Leo jambo lenyewe limekwisha amuliwa: sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yakataza ukeketaji, kwa kuwa madhara yake yamethibitika. Lakini mtihani wa waumini wale wangali nao vijana wa leo. Wako waliotia kidole kwa kusadiki, na wako waliotia kwa kuogopa kupoteza kazi. Wako waliokataa kwa kuwaza sana, na wako waliokataa kwa kuogopa kuimbwa. Kwa nje hawakutofautiana. Kwa ndani walitofautiana kama mbingu na ardhi. Na katika makelele hayo, msichana ambaye mwili wake ulikuwa ukibishaniwa alikuwa katika hatari ya kusahauliwa na pande zote mbili.

Hofu ya macho ya watu haiwashiki wanyonge peke yao. Petro, mkubwa wa mitume, alikuwa akila pamoja na waumini wasio Wayahudi huko Antiokia. Walipofika watu kutoka Yerusalemu alijitenga nao, akiwahofu wageni wale. Na hata Barnaba akavutwa na mfano wake, mpaka Paulo alipomkemea Petro mbele ya wote. Petro hakuwa amebadili imani yake. Alibadili meza tu. Lakini wale walioachwa mezani walijua maana yake.

Kutokana na mifano hii twapata maswali matatu ya kupimia matarajio. La kwanza: je, linalotakiwa ni la haki? La pili: likitendwa, ataumia nani? Kama ni majivuno yangu tu, na yaumie. Kama ni mtu dhaifu, sina ruhusa ya kulitenda, hata likiombwa na ukoo mzima au na kanisa zima. La tatu: je, ningelitenda kama hakuna jicho linaloniona? Asiyeweza kujibu swali hili la tatu amevaa nguo ya kuazima, nayo haisitiri maungo.

Ewe kijana, labda utarudi nyumbani wakati wa likizo ukiwa mwamini mpya, na babu atakuita katika tambiko ambalo dhamiri yako yalikataa. Unaweza kukaa kimya ukishiriki kwa hofu. Huo ni unafiki. Unaweza kumtukana babu mbele ya wageni ili wenzako wa kanisani wakusifu. Huo nao ni unafiki, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Njia ya tatu ni ngumu zaidi: kumwendea mzee mapema, faraghani, kumwamkia kwa adabu, kumweleza usiloweza na sababu yake, kisha kuchukua jembe au ndoo ukafanya kila kazi ya nyumba unayoiweza. Pengine atakasirika. Hata hivyo, ataona kwamba umekataa jambo, hukumkataa yeye.

Nao wenye macho wana wajibu wao. Mche uliopandwa jana hauulizwi matunda leo, wala haung'olewi kila asubuhi kutazamwa mizizi. Kanisa limvumilie mwamini mpya ajifunze. Jamaa wasidhani kila badiliko ni dharau. Majirani wakumbuke kwamba aliyeanza safari hajadai kuwa amefika.

Watu wana haki ya kutazamia kwetu ukweli, upole na kazi ya mikono yetu. Dhamiri hawana haki nayo, na mtu akiwapa hiyo hawezi kuwaridhisha, kwa kuwa macho ni mengi na kila jicho lina lake. Heri mtu ajulikane kwa sura moja nyumbani na kanisani, hata kama sura hiyo haikumpendeza kila mtu.