Aliyeunguza Amplifaya ya Kanisa Anadaiwa?

Mpiga besi wa kwaya ameazima boksi la pili la spika ili sauti ifike hadi nyuma ya hema. Boksi la kwanza ni la omu 4, na la pili ni la omu 4. Anayachomeka yote mawili kwenye amplifaya ya transista ambayo mgongoni imeandikwa isishushwe chini ya omu 4. Maboksi mawili yakiunganishwa sambamba, ukinzani wake hushuka kwa nusu, yaani omu 2. Mkondo unapanda, transista zinachemka, na kwenye wimbo wa tatu besi inanyamaza. Mashine ni mali ya kanisa. Kijana analia, na anasema kweli tupu: hakujua.

Je, anadaiwa?

Swali hili ni la kale kuliko umeme. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, alitenga ujinga wa mtu asiyeweza kujua na ujinga wa mtu aliyeweza kujua akapuuza. Huyu wa pili, alieleza, watunga sheria humwadhibu, kwa kuwa kujali kulikuwa mikononi mwake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamhukumu mwenye ng'ombe aliyeonywa kwamba mnyama wake hupiga pembe tofauti na yule ambaye hakuwahi kuonywa. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari. Ukingo huo hujengwa kabla mtu yeyote hajaanguka.

Mafakihi wa Kiislamu wanalo neno linalofaa zaidi hapa: dhamana. Aliyevunja chombo cha mwenzake kwa bahati mbaya hana dhambi, lakini chombo atalipa. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa pia kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Tofauti hii ni rehema kubwa. Ugomvi mwingi wa vyombo vya kwaya huwa mchungu kwa sababu wazee wanadai dhambi pale palipo na dhamana tu, na kijana anakana dhamana kwa kuwa anajua hana dhambi.

Basi kijana yule anadaiwa, kwa sababu onyo lilikuwa limeandikwa. Tuseme maandishi yamefutika: bado kipimo cha fundi umeme kingetosha. Boksi la omu 8 husoma kama 6 hivi, la omu 4 husoma kama 3 na kidogo. Dakika moja, na ujinga umekwisha.

Kigumu ni mtu anayejua nusu. Amezoea transista, na transista haidhuriki ikiwashwa bila spika. Siku moja anapewa amplifaya ya vali, anaipiga bila kuchomeka boksi, na volteji inaruka ndani ya transfoma ya kutolea sauti hadi inaiunguza. Huyu hakupuuza, alitumia maarifa yake. Aristotle angekuwa mpole kwake kuliko inavyostahili, kwani mazoea ya mashine moja si elimu ya mashine nyingine, na kuuliza hakugharimu kitu. Kuna pia anayelinganisha wati peke yake, akaridhika. Uzi wa tano wa gitaa la besi hushuka hadi takriban mizunguko 31 kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo huweza kuisukuma karatasi ya spika kupita mwisho wake kabla wati zilizoandikwa hazijafikiwa.

Watengenezaji nao wanao ukingo wao wa kujenga. Amplifaya ya besi ya Ampeg SVT ilipotoka mwaka 1969 na wati zake 300, ilioanishwa na maboksi mawili, kila moja lenye spika nane za inchi 10, maana spika za siku zile zisingehimili nguvu hiyo katika boksi moja.

Mali hulipwa, lakini uhai haulipiki. Mwaka 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni isiyo na waya wa ethi huku gitaa likiwa mikononi mwake, akafa jukwaani akiwa na miaka 27. Hapo neno dhamana halitoshi tena, na yeyote anayekata pini ya ethi ili kuondoa mngurumo aone kwamba ameshaonywa, kama mwenye ng'ombe yule.

Wazee wa kanisa na viongozi wa bendi, kabla ya kumkabidhi kijana chombo, mgeuzieni amplifaya asome mgongo wake kwa sauti: omu ngapi, wati ngapi, waya gani wa spika. Bandikeni idadi ya omu kwenye kila boksi kwa herufi kubwa. Msipofanya hivyo, nusu ya deni la mashine itakayoungua ni yenu.