Kiti cha Mama, Mahali pa Rafiki

Hapa Kolwezi mama mzee akifariki, hesabu njo inasomwa kwanza. Mmoja wa watoto anasimama mbele ya batu ku kilio, anashika karatasi na kusoma: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ndoa, watoto aliowazaa, waliobaki, wajukuu, vitukuu. Kila namba ikipanda watu wanaitikia polepole, na mwishoni mtu anasema lile neno ambalo sote tumekwisha kulisema: "Tusilie sana. Mama alikula miaka yake." Wajukuu wanaruhusiwa kutania na kucheka, maana kwetu mjukuu na nkambo ni watani tangu zamani. Kilio cha nkambo hakifanani na kilio cha kijana aliyefukiwa na udongo shimoni, na hakuna anayesema vifanane.

Neno hilo ni la kufariji, nasi hatulikatai. Lakini tunataka kuuliza: mtu akiishi sana, deni la kumkumbuka linapungua? Na tena, ni nani mwenye kazi ya kulilipa deni lile?

Tuchukue kwa mfano mama aliyezaliwa mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe wa Kolwezi kuanzishwa na Union Minière. Alikuwa mtoto wa kambi, kwa sababu toka mwisho wa miaka ya 1920 kompani ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi afadhali akae kambini pamoja na bibi na watoto wake kuliko kuja peke yake na kutoroka. Alikula posho ya kupimwa. Uhuru ulimkuta akiwa na miaka 22, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga. Ni hapa hapa Kolwezi, Januari 1963, ambapo habari ya kujitenga iliishia, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walipoingia mjini. Mwaka 1967 kompani ikawa mali ya serikali. Mei 1978, yeye akikaribia miaka 40, vita viliingia mjini tarehe 13, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti. Nani wa umri wake anayesahau ile juma? Mwaka 1992 na 1993 majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, hapa kwetu pia, na kuna bamama waliozikwa wakiwa bado wanatunza sufuria za jirani aliyesema atarudi kuzichukua. Mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa kazini watu zaidi ya 10,000 kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2015 Lualaba ikawa jimbo na Kolwezi makao yake. Mama yule alikuwa na miaka 77, na mashimo ya watafuta kobalti yalikuwa yamefika mpaka ndani ya viwanja vya Kasulo.

Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa migodi. Jina la kitabu kwa Kiswahili ni kama kusema: Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kompani, iliyokuwa ikilisha, ikisomesha, ikitibisha, kisha ikashindwa. Jina zuri, na la kweli. Sisi tunaongeza tu kwamba baba alipoondoka, mama alibaki palepale. Mshahara ulipokauka ni yeye aliyelima shamba nje ya mji, akauza makala, mikate na samaki wakavu, akapika bukari mara moja kwa siku na kusema kwamba yeye amekwisha kula. Ile karatasi ya ku kilio inasema "alizaa watoto tisa". Haisemi alivyowalisha kati ya mwaka 1991 na 2003. Basi tunaposema "maisha yaliyojaa" tunapima kwa miaka na kwa vichwa vya watoto, lakini kilichoyajaza hatukitaji.

Kuhusu nani alipe deni, mila zetu zina jibu, na si jibu dogo. Ndugu zetu Balunda wa Kapanga, katika jimbo letu hili, walilifikiri jambo hili zamani sana. Kule Musumba, kwa Mwant Yav, kuna mwanamke mwenye cheo cha Swan Mulund. Yeye anashika nafasi ya Ruwej, yule binti mfalme ambaye mapokeo yanasema aliolewa na mwindaji Chibinda Ilunga, na kwa hiyo anahesabiwa kuwa mama wa Balunda wote. Kuna pia Rukonkesh, anayeitwa mama wa Mwant Yav hata kama hakumzaa, hata akiwa mdogo kwake kwa umri. Mwenye kurithi cheo anarithi na jina la aliyemtangulia, na undugu wake pia: mtoto wa marehemu anakuwa mtoto wake, kaka wa marehemu anakuwa kaka yake. Kwa Balunda wa Kazembe, ng'ambo ya Luapula huko Zambia, mtafiti Mwingereza Ian Cunnison alikuta wazee wenye vyeo wakisimulia safari za mababu kwa kusema "mimi": mimi nilitoka kule, mimi nilivuka mto huu. Mzee anayesema hivyo hadanganyi. Anayesema ni kiti, na kiti kilikuwapo.

Si Balunda peke yao. Katika nyumba nyingi za hapa, za makabila mbalimbali, mama akizikwa familia inatafuta atakayesimama mahali pake, mdogo wake au binti wa dada yake, na tangu siku ile anaitwa "mama" na batu wazima wenye mvi. (Makanisa mengine yanaona jambo hili vibaya, tuwaachie wenyewe.) Hekima yake ni kubwa. Mtoto hakosi wa kumwita mama, ugomvi wa ndugu haukosi wa kuuamua, na msiba hauachi tundu katikati ya nyumba.

Lakini kiti kinatuambia kwamba mama yupo. Hakituambii ni mama yupi.

Hapa njo tunaona ugumu. Umama una kiti, urafiki hauna. Hakuna kabila tunalolijua linalomweka mtu arithi urafiki wa marehemu, na hata likijaribu itakuwa mchezo. Mtu mzima wa miaka 50 ambaye kila Jumapili alikuwa akienda kukaa na mama yake karibu na mbabula, akimwambia mambo asiyomwambia bibi yake, siku ya mazishi amepoteza watu wawili. Mmoja ataletewa mwingine badala yake. Wa pili basi, amekwisha. Tukimwambia "alikula miaka yake" tunamfariji kwa yule wa kwanza, kumbe analia kwa ajili ya yule wa pili, ambaye kadiri alivyoishi ndivyo alivyozidi kuwa rafiki.

Na kuna yule bibi kizee mwingine. Kila mama mzee ana mmoja: walipanga meza pamoja sokoni, walitembea likelemba pamoja miaka 40, walifichana mu 1978. Ku kilio utamwona ameketi nyuma, pamoja na majirani, kikwembe kikiwa kimefunikwa kichwani. Familia inasema, padri au mchungaji anasema, mwakilishi wa kazi ya mtoto mkubwa anasema. Yeye haulizwi. Mara nyingine anaitwa siku ya kugawa vitu tu, aulizwe kama marehemu alimwachia pesa za likelemba. Tunaona hili ni kosa, na si kosa la adabu peke yake, ni kosa juu ya ukweli. Yeye ndiye anayejua kama marehemu aliolewa kwa kupenda ama kwa kusukumwa, alicheka kwa nini, aliogopa nini. Watoto wanamjua toka siku waliyozaliwa, lakini mama aliishi kabla yao.

Wengine watajibu kwamba rafiki atasema na mabaya, na marehemu hasemwi vibaya. Sisi tunafikiri mama aliyesifiwa kwa mambo yanayoweza kusifiwa kwa mama yeyote hajakumbukwa. Amezikwa mara mbili. Kiswahili chenyewe kinatupa tofauti: kukumbuka mtu anafanya peke yake kitandani, lakini kukumbusha ni kazi unayomfanyia mwenzako. Miaka ya 1970, katika nyumba za wafanyakazi wa Katanga, zilitundikwa picha za rangi zilizoitwa ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu alichora nyingi sana, juu ya historia yote ya nchi. Picha zile hazikuwekwa za kupendeza tu. Mgeni aliingia, akatazama, akauliza, na mwenye nyumba akaanza kusimulia. Rafiki mzee ni ukumbusho wa namna hiyo, anangoja kuulizwa, na hatangoja miaka mingi, maana na yeye amekula ya kwake.

Namna moja ya kumuuliza tumeiona mu nyumba moja ya Manika, na tuliipenda. Mjukuu wa miaka saba, mwenye jina la nkambo wake, ambaye hata baba yake anamwita "mama", alipelekwa kwa yule rafiki baada ya kutosha kilio. Akaketi kwenye kigoda akauliza kama mwenye haki: "Nilikuwa namna gani?"

Bibi kizee alimwangalia sana. "Ulikuwa mkali wa pesa," akasema. "Na kikwembe yako ile ya bluu ulikataa kuniazima, mpaka ndoa ya mtoto wangu ikapita. Siku tatu hatukusemezana. Kisha ukaniletea sombe usiku, umefunika sahani, ukasema ilibaki tu. Haikubaki. Ulinipikia."

Mtoto alifikiri kidogo, halafu akauliza ile kikwembe iko wapi sasa.